Homa baada ya kutoka porini: Si kila mara ni malaria

Namawala, magharibi mwa Ifakara, mwili ukichemka jioni watu hawaulizani sana. "Malaria hiyo, nenda kapime." Na mara nyingi wanakuwa sahihi. Bonde la Kilombero lina maji, lina mpunga na lina mbu.

Lakini bonde hili hili limezungukwa na wanyama. Upande mmoja kuna Milima ya Udzungwa, katikati kuna Pori la Akiba Kilombero, na mashariki zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wapo vijana wanaoongoza watalii, askari wa uhifadhi wanaolala porini, wanafunzi wanaopelekwa kuona maporomoko ya Sanje, na familia zinazokwenda kumwangalia simba kwenye banda la maonyesho.

Kwa watu hao, homa au tumbo la kuhara linaweza kuwa na chanzo kingine: vimelea vilivyotoka kwa mnyama.

Hatari hiyo si ya kumfanya mtu aache kwenda hifadhini au kwenye bustani ya wanyama. Ila ipo, na sehemu kubwa inazuilika kwa vitu vya bei rahisi: sabuni, viatu, na kumwambia mhudumu wa afya ulikotoka.

KWA NINI NAMAWALA KILA HOMA NI MALARIA?

Utafiti uliofanyika Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku.

Kazi hiyo ilifanywa na kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo chini ya Mswisi Rudolf Geigy. Leo kinajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara (IHI). Tangu wakati huo vyandarua vimesaidia sana na maambukizi yameshuka, ingawa malaria bado haijaondoka bondeni.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Geigy hakuwa mtu wa malaria peke yake. Alichunguza pia mbung'o na ugonjwa wa malale, na baadaye alikwenda Serengeti kutafuta vimelea vya malale ndani ya damu ya wanyamapori. Swali la nini kinatoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu si geni Ifakara.

VIMELEA NI NINI HASA?

Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani au juu ya kiumbe kingine na kujilisha hapo. Kwa mambo ya wanyamapori, makundi yanayohusika zaidi ni matatu:

- Minyoo, kwa mfano minyoo ya tumbo ya nyani, simba au fisi.
- Vimelea vya seli moja, ambavyo huonekana kwa hadubini tu. Hapa wamo amiba, giadia, kriptosporidiamu, toksoplasma na tripanosoma ya malale.
- Wadudu wa ngozi, kama kupe, viroboto na wadudu wa upele.

Mnyama mwenye vimelea si lazima awe mgonjwa. Anaweza kuwa na manyoya yanayong'aa, anakula vizuri, anaruka kama kawaida, kumbe kinyesi chake kimejaa mayai ya minyoo. Kwa mnyama wa porini hiyo ni hali ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu nyani na mbega wekundu wa Udzungwa ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye msitu usio na ulinzi walikuwa na aina chache zaidi za viumbe hao tumboni kuliko wale wa msitu unaolindwa.

Kwa hiyo kumwangalia mnyama kwa macho na kusema "huyu mzima" hakukusaidii kitu.

PORINI NA KWENYE BANDA, WAPI KUNA HATARI ZAIDI?

Porini mnyama anahama. Anaacha kinyesi hapa, kesho yuko kwingine. Kwenye banda, mnyama yule yule anakanyaga udongo ule ule kila siku. Mayai ya minyoo yanalundikana, mnyama anayala tena, anajiambukiza upya. Ndiyo maana bustani ya wanyama inayojali afya huwapima wanyama kinyesi na kuwapa dawa kwa ratiba, si mpaka mmoja aanguke.

Tanzania imekuwa na bustani za wanyama kwa muda mrefu. Kisiwa cha Saanane, Mwanza, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 kabla ya kuja kuwa hifadhi ya taifa. Dar es Salaam kuna bustani ya wanyama Kigamboni. Na kwenye maonyesho kama Sabasaba, wanyama wa porini huletwa kwenye mabanda na watu hupanga foleni kuwaona.

Kwa Kilombero, hata hivyo, watu wengi hukutana na wanyama bila uzio. Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Hakuna kukaa ndani ya gari: mgeni anakanyaga njia ile ile anayopita nyani, anashika mawe na miti ile ile anayokalia mbega au ngolaga, yule nyani-mwitu wa Sanje anayepatikana Udzungwa tu.

NJIA NNE ZA KUINGIA MWILINI

1. Mdomoni
Hii ndiyo njia kubwa. Kinyesi kinagusa mkono, mkono unagusa chakula, chakula kinaingia mdomoni. Au maji ya kijito ambacho wanyama wamejisaidia juu yake. Giadia na kriptosporidiamu huwa tayari kuambukiza mara tu vinapotoka kwa mnyama. Matokeo yake ni kuhara, tumbo kujaa gesi na kuishiwa nguvu. Kwenye Hifadhi ya Gombe, Kigoma, watafiti wamekuta kriptosporidiamu kwa watu, mifugo, nyani na sokwe wa eneo moja.

2. Kupitia ngozi
Baadhi ya minyoo ya nyani haihitaji kumezwa. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kutoboa ngozi ya mguu. Mtu anayefagia banda akiwa na ndala, au mgeni anayevua viatu kuvuka tope, anawapa njia. Kichocho nacho huingia kwa ngozi, ila kutoka majini. Nyani wa Gombe wamewahi kukutwa na kichocho cha tumbo, aina ile ile inayowapata watu.

3. Kwa kuumwa na mdudu
Mdudu anamuuma mnyama, kisha anakuuma wewe. Malale ndiyo mfano mkubwa, na inafafanuliwa hapa chini.

4. Kwa kugusana
Upele na kupe huhama kutoka mwili hadi mwili, au kupitia matandiko na nguo. Hii inawahusu zaidi wanaoshika wanyama: madaktari wa mifugo, watunza wanyama, na wale wanaofuga ngedere nyumbani, jambo ambalo ni hatari kiafya na ni kosa kisheria bila kibali.

NANI YUKO HATARINI ZAIDI?

Si mtalii wa siku moja. Ni mtu anayefanya hiyo kazi kila siku: anayefagia banda, anayebeba kinyesi kwa toroli, anayekata nyama ya kulisha simba, anayelala porini wiki mbili akifanya doria. Mgeni anakutana na hatari kwa saa chache. Mfanyakazi anakutana nayo mwaka mzima, na jioni anarudi nayo nyumbani kwenye buti na nguo.

Baada yao wanafuata hawa:

- Watoto wadogo, kwa sababu wanashika kila kitu na kupeleka mdomoni.
- Wajawazito, hasa kwa sababu ya toksoplasma, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.
- Watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU ambao hawako kwenye dawa. Kuhara kwa kriptosporidiamu, ambako kwa mtu mwingine kunaisha kwenyewe, kwao kunaweza kuwa kwa muda mrefu na kuhatarisha maisha.

Toksoplasma ina jambo moja la kukumbuka. Ni jamii ya paka peke yake, kuanzia paka wa nyumbani mpaka wakubwa kama simba na chui, inayotoa mayai ya kimelea hiki kwenye kinyesi. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Maana yake banda linalosafishwa kila siku lina hatari ndogo kuliko lile linalosafishwa Jumamosi kwa Jumamosi. Na mjamzito asipangiwe kazi ya kusafisha mabanda ya paka wakubwa kabisa.

Mayai ya minyoo ya tumbo ya wanyama wala nyama nayo hukaa wiki kadhaa kwenye udongo ndipo yakomae. Kinyesi kikiondolewa mapema, mzunguko unakatika.

MALALE: MGENI ASIYESAHAULIKA

Mwaka 2001 watalii kutoka Ulaya walirudi makwao kutoka mapumziko Tanzania, wakaanza kuugua homa. Walikuwa wametembelea Serengeti na Tarangire. Mtandao wa hospitali za magonjwa ya kitropiki barani Ulaya uliripoti wagonjwa 9. Vipimo vilionyesha malale.

Malale ya Afrika Mashariki huletwa na tripanosoma, na msambazaji wake ni mbung'o. Kimelea hiki kinaishi kwa wanyamapori kama pongo, kongoni, nyati na simba bila kuwasumbua sana. Mwaka 1958, nchini Kenya, wanasayansi walikitoa kwenye damu ya pongo, na ikathibitika kwamba mnyama wa porini anaweza kuwa ghala la ugonjwa wa binadamu.

Leo wagonjwa wa malale ni wachache sana kuliko zamani. Lakini ugonjwa wenyewe hauna mzaha. Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa: homa, kichwa, viungo kuuma, mitoki, na mara nyingine uvimbe mgumu wenye kidonda pale mbung'o alipouma. Baadaye kimelea kinaingia kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa, usingizi unavurugika. Bila matibabu, aina hii ya Afrika Mashariki inaua ndani ya wiki au miezi michache.

Sasa hapo ndipo tatizo la mahali kama Namawala linapokuja. Dalili za mwanzo ni zile zile za malaria. Na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari, kimetengenezwa kutafuta malaria tu. Hakiwezi kuona tripanosoma hata damu ikiwa imejaa. Kwa hadubini, mtaalamu wa maabara akiangalia damu ile ile anaweza kuviona vikicheza katikati ya chembe za damu.

Mgonjwa akipimwa, kipimo kikasema hana malaria, akapewa tu dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, siku zinapotea. Mwingine anakutwa na malaria kweli, kwa sababu bondeni mtu anaweza kuwa nayo hata bila dalili, anapewa mseto, homa haishuki, na hakuna anayefikiria ugonjwa wa pili.

Habari njema ni kwamba matibabu yamebadilika. Kwa miaka mingi malale iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa sindano ya dawa yenye sumu ya aseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaoruhusu vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale. Ila kidonge hakisaidii kama ugonjwa haujajulikana.

JE, NYANI ANAWEZA KUKUPA MALARIA?

Swali hili linaulizwa sana. Kwa Kilombero, jibu ni hapana. Malaria ya bondeni inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia mbu.

Kuna nchi ambako jibu ni tofauti. Malaysia ipo aina ya malaria inayotoka kwa tumbili wa huko na kuwapata watu wanaoingia msituni. Tumbili hao hawapo Afrika Mashariki. Kwa hiyo usimfukuze mbega ukidhani ndiye anayeleta homa kijijini. Tandika chandarua.

WATU PIA WANAWAAMBUKIZA WANYAMA

Njia hii ina pande mbili. Mwaka 1996 kwenye Hifadhi ya Bwindi, Uganda, familia moja ya sokwe wa milimani ilipata upele mkali. Manyoya yalitoka na mtoto mmoja wa sokwe akafa. Wengine walipona baada ya kutibiwa. Daktari wa wanyamapori Gladys Kalema-Zikusoka alishughulikia mlipuko huo, na chanzo kilichoshukiwa kilikuwa watu wanaoishi jirani na hifadhi, pengine kupitia nguo zao. Baadaye, mwaka 2003, alianzisha shirika linalotunza afya ya sokwe na ya wanavijiji kwa pamoja.

Funzo kwa Udzungwa ni rahisi. Mgeni anayejisaidia kichakani anaacha minyoo yake kwa ngolaga, na ngolaga hana duka la dawa.

KWA WANAOFANYA KAZI NA WANYAMA

- Vaa gambuti na glavu unaposafisha banda. Ndala si vifaa vya kazi.
- Mwagia maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi la kinyesi lisipande usoni.
- Ondoa kinyesi kila siku na kifukiwe au kichomwe mbali na maji.
- Usile, usivute sigara wala kutafuna kitu ukiwa eneo la mabanda. Simu nayo iache mfukoni. Mkono mchafu unaishika, kisha inakwenda shavuni.
- Buti na nguo za kazi zibaki kazini. Zikienda nyumbani, mtoto ndiye atakayezichezea.
- Pima choo kwa ratiba. Dawa ya minyoo ya kubahatisha haiui kila kimelea. Giadia na amiba vina dawa nyingine.
- Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutoa vifaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka kulinda afya ya mfanyakazi, na OSHA ndiyo inayosimamia.

KWA WAGENI

- Nawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula. Vitakasa mikono vya spiriti ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini haviui kriptosporidiamu vizuri. Sabuni na maji vinaondoa.
- Usinywe maji ya kijito hata kama yanaonekana safi kama kioo. Beba ya kwako au chemsha.
- Usilishe nyani. Abiria wa mabasi ya Ifakara wanaopita Mikumi wanajua vituko vyao barabarani. Nyani aliyezoea ndizi za abiria anasogea karibu, anapora, anakwaruza, na anaacha kinyesi pale pale watu wanapokaa.
- Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu.
- Kwenye maeneo ya mbung'o epuka nguo nyeusi na za bluu. Rangi hizo zinawavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mbung'o huuma mchana, hufuata gari linalotembea, na kitambaa chepesi hakimzuii.
- Ukitoka, jikague kupe, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni.

UKIUGUA, SEMA MANENO HAYA

Mhudumu wa zahanati hawezi kujua ulikokuwa wiki iliyopita usipomwambia. Ukipata homa, kuhara kusikoisha au kidonda cha ajabu ndani ya mwezi mmoja baada ya kutoka porini au kwenye mabanda ya wanyama, mweleze mambo manne:

1. Ulikuwa wapi na lini.
2. Uliumwa na mdudu gani, na sehemu gani ya mwili.
3. Ulishika mnyama, kinyesi au nyama mbichi.
4. Ulikunywa maji ya wapi.

Kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hasi na homa ipo, au umemaliza mseto na homa imerudi, omba damu iangaliwe kwa hadubini. Zahanati haina hadubini? Omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali yenye maabara. Kwa kuhara, omba kipimo cha choo kabla ya kununua dawa dukani.

Na kama wewe ndiye mzazi, mke au rafiki wa mtu anayefanya kazi porini, kumbuka kwamba mwenye homa kali anaweza asiweze kujieleza. Mwongozane naye, na umwambie mhudumu mapema: "Huyu ametoka doria wiki mbili zilizopita."